Plagini Yangu Ilirudishwa Mara Mbili

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana anayesomea upimaji ardhi. "Shikamoo kaka. Plagini yangu ya QGIS imekataliwa, na nimeikeshea wiki tatu. Hivi hawa watu wanatuonea?" Nilimjibu mistari miwili, halafu usingizi ukakata. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza mimi, tena kwa hasira zaidi yake.

Kwa asiyeifahamu, QGIS ni programu huria ya kutengeneza na kuchambua ramani. Ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, haiuzwi, na karibu kila mpima ninayemfahamu anayo. Anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, anaweza kuiongezea uwezo kwa kuandika plagini, yaani programu-jalizi, akaiweka kwenye ghala la pamoja, na mtu wa Lindi au wa Lima akaipakua bila kumwomba mtu ruhusa. Utaratibu huo umeshatufaa. InaSAFE, plagini iliyozaliwa Indonesia ya kukadiria athari za majanga, ilitumika pia hapa Dar es Salaam kwenye mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wananchi walipokuwa wanachora mitaa inayofurika. Watu waliiandika wakiwaza mafuriko ya kwao, ikaja kutusaidia na ya kwetu.

Yangu ilianza na tatizo ambalo kila mpima wa hapa analijua. Ramani zetu nyingi za zamani zina koodineti, yaani namba za kuonyesha mahali, za Arc 1960, mfumo wa zamani wa huku kwetu, wakati simu na vifaa vya GPS vinatoa za WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Ukichukua namba za bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kwenye ramani ya zamani ukazimwaga juu ya picha ya satelaiti bila kuzibadilisha, kiwanja kinasogea kama mita 300 kutoka mahali pake. Siku moja kiwanja cha mzee mmoja wa Bagamoyo kiliangukia baharini mbele ya macho yake. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi, anaangalia ule mraba mwekundu juu ya maji. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sasa nyumba yangu iko wapi?"

Jioni ile nikaanza kuandika. Plagini ilikuwa inapokea jedwali la bikoni, inahamisha koodineti, inachora mipaka na kukagua kama umbo linafunga, yaani mstari wa mpaka unarudi ulikoanzia. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika kumi. Wenzangu ofisini wakaichukua kwa flashi, wakawapa wenzao wa mikoani, mpaka nikawa napigiwa simu na watu nisiowajua wakinishukuru. Nilijivunia kazi ile na bado najivunia.

Ndipo nikaamua kuipeleka kwenye ghala. Nilibana folda nzima kuwa zipu, nikapakia, nikakaa kusubiri pongezi.

Kilichokuja ni orodha ya makosa. Sikuweka faili la LICENSE. Kwenye metadata.txt, faili la maelezo ya plagini, mahali pa kuripotia hitilafu, nilikuwa nimeweka kiungo cha ukurasa mtupu ili mradi nafasi ijae. Folda ilijaa mabaki ya __pycache__, faili ambazo Python inajitengenezea yenyewe. Kulikuwa na faili la .dll nililoliokota mtandaoni kwa sababu lilinirahisishia hesabu, na faili za aina hiyo haziruhusiwi kwa kuwa huwezi kuzifungua ukasoma zinafanya nini kwenye kompyuta ya mtu. Hayo yote ningeyameza. Lililonichoma ni la mwisho: kuhamisha koodineti tayari kumo ndani ya QGIS, sasa plagini hii inaongeza nini?

Wiki nzima nilizunguka ofisini nikisema hawa wazungu hawataki kuona kitu kimetoka kwetu. Sijisifii kwa maneno yale. Yaliniuma kuyasema na yananiuma nikiyakumbuka, kwa sababu mkaguzi alikuwa ameniuliza swali la haki kabisa na mimi sikuwa na jibu. Theluthi mbili ya msimbo wangu, yaani maandishi ya programu, ilikuwa inarudia kazi ambayo QGIS inaifanya vizuri kuliko mimi. Changu hasa kilikuwa kusoma jedwali la bikoni jinsi ofisi zetu zinavyoliandika, na kukagua ufungaji wa umbo. Hicho hakikuwepo kokote. Nilikuwa nimekifukia chini ya vitu ambavyo havikuhitajika.

Sitakuchosha na majuma ya kukatakata. Nilitupa lile faili la .dll, nikaiacha QGIS ihamishe koodineti yenyewe, nikabaki na kilicho changu. Nikapeleka tena. Ikarudi tena, safari hii kwa sababu maelezo niliyoandika yalikuwa na maneno matatu: "zana ya upimaji". Mtu wa Peru atajuaje inafanya nini? Ni kweli, hatajua.

Kabla ya kupeleka mara ya tatu nilipitia faili moja moja, na ndani ya folda ya majaribio nikakuta jedwali nililokuwa nalitumia kujaribia tangu siku ya kwanza. Lilikuwa la kazi halisi, lenye majina ya wenye viwanja, namba za simu na bikoni zao. Mstari wa tatu ulikuwa wa yule mzee wa Bagamoyo. Nilikaa nikautazama muda mrefu. Mimi niliyekuwa nalalamika kuonewa, nilikuwa nakaribia kutangazia ulimwengu mahali nyumba yake ilipo na namba ya kumpigia, bila yeye kujua lolote. Mara zile mbili nilizorudishwa ndizo zilizonipa nafasi ya kuliona lile jedwali. Nikalifuta, nikatengeneza jingine la viwanja vya kubuni. Plagini ikapokelewa, na niliiwekea alama ya majaribio ili asiyependa kubahatisha asiichukue.

Ndugu yangu unayesoma, ukitaka kushirikisha kazi yako, anza na leseni. Anza na leseni kabla hujampa hata rafiki yako. QGIS yenyewe iko chini ya GPL, leseni maarufu ya programu huria, na plagini zinazowekwa kwenye ghala lake zinatakiwa ziendane na GPL toleo la 2 au la baadaye. Nasema hivi kwa sababu wakati plagini yangu inazunguka kwa flashi, mtu mmoja niliyekula naye meza moja aliichukua, akabadilisha rangi za vitufe, akaanza kuiuza kama yake. Kuuza si kosa, GPL inaruhusu kuuza. Lakini inataka tangazo la hakimiliki libaki na anayenunua aweze kupata msimbo. Kwenye zile nakala za flashi mimi sikuwa nimeandika jina wala leseni, kwa hiyo nilipomfuata sikuwa na mstari hata mmoja wa kumwonyesha. Aliniangalia akasema, "Kwani imeandikwa wapi kwamba ni yako?" Tunasalimiana mpaka leo, lakini moyo haujatulia. Wewe andika jina lako na leseni yako. Andika leo.

La pili ni anwani inayofanya kazi. Februari 2018 ilipotoka QGIS 3, iliyohamia Python 3 na Qt 5 (Qt ndiyo inayochora madirisha na vitufe vyake), plagini nyingi zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani zilikataa kufunguka. Niliyokuwa naitegemea kuchapia ramani ilikuwa mojawapo. Nikamwandikia mwenyewe, barua pepe ikagonga mwamba. Ghala lake la msimbo halikuwepo tena. Sasa safari ya kuhamia Qt 6 imeanza, na kuna plagini zitakazokufa kwa mtindo uleule kwa sababu waliozitengeneza hawapatikani na hawakumwachia mtu funguo. Ukichoka si dhambi. Tafuta wa kumkabidhi, au angalau acha msimbo mahali ambapo mwingine anaweza kuuchukua na kuendelea.

La tatu nimeshalisema: tafuta kwanza kama kipo. Ukikuta plagini inayofanana na yako, mwandikie mwenyewe umwombe kuongeza kipande chako kwenye yake. Najua inavyouma, kila mtu anataka jina lake juu. Lakini mpima wa Sumbawanga mwenye intaneti ya kusuasua anafungua ghala, anakuta plagini nne zinazofanya kitu kimoja nusunusu, anapoteza siku akizijaribu. Tunamkomoa yeye, halafu tunajiita tunachangia. Kuchangia ni kukubali kazi yako isomwe na mtu asiyekujua, aikosoe, na wewe urudi kuirekebisha bila kununa. Tumezoea kusifiwa na rafiki zetu ofisini. Tujifunze na hilo la kukosolewa.

Yule kijana nilimwambia anitumie folda yake kama ilivyokuwa siku ilipokataliwa, asifute kitu. Imefika leo alfajiri. Leseni haina, nilitegemea. Msimbo wake ni msafi kuliko wangu wa wakati ule, na wazo lake la kusawazisha makosa ya pembe sijaliona kwingine. Kisha nikafungua folda ya majaribio. Kuna jedwali la viwanja vya kijiji kizima, na safu ya kwanza ni ya majina. Nilimpigia kabla sijanywa chai.