Jibu: Mashine za kuanzia kazi ya stika za magari Dodoma

Mkuu, umeuliza ununue mashine moja inayoprinti na kukata, au mbili tofauti. Chukua mbili. Hiyo ya pamoja ikiwa inakata, haiprinti, na ikigoma umefunga duka. Printa ya eko-solventi (wino wa kiyeyushi, wa kazi za nje) yenye upana wa mita 1.6 inatosha bajaji, Noah na mabango.

Laminata, mashine ya kubandika plastiki angavu ya kinga juu ya stika, usiiruke, jua la huku linapausha rangi upesi. Ila ukishaprinti acha wino utulie saa 24 kwanza kabla ya kubandika hiyo plastiki. Mimi niliharakisha stika za Hiace moja ya Kibaigwa, wiki haijaisha kingo zake zikaanza kujikunja kama chapati.

Halafu vumbi la kiangazi! Chumba kifungwe, sakafu ipigwe deki, siyo kufagiwa. Na uwe na UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa cha printa kinachotoa wino kinabaki wazi, wino unakaukia humo.