Nataka kuhamia Vrindavan nimtumikie Krishna, nianzie wapi?

SWALI: Anti, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 34, nakaa Nairobi, sijaoa. Nilianza kwenda hekalu la Hare Krishna, wale wanaomuabudu Krishna, mungu wa Kihindu, nikiwa chuo, mpaka leo naimba japa, yaani jina lake kwa kuhesabu shanga, raundi 16 kila siku na mambo ya nyama na pombe niliacha kitambo. Sasa moyo unaniambia niache hii kazi ya uhasibu, niuze gari na kaploti kangu ka Kitengela niende Vrindavan, mji wake mtakatifu kule India, nikaishi huko moja kwa moja. Mamangu nikitaja tu hii maneno analia, anasema nimerogwa. Rafiki yangu naye anasema huko India watanisumbua kwa sababu ya rangi. Nishauri tafadhali. – Jina limehifadhiwa, Nairobi

JIBU: Mwanangu, gari uza ukitaka, hilo linashuka bei hata likiwa limepaki. Ploti ya Kitengela usiiguse. Na sisemi hivo kwa sababu nina wasiwasi na imani yako, mtu anayemaliza raundi 16 kila siku na kazi ya ofisi juu yake simfundishi mimi ibada. Nasema hivo kwa sababu ya viza.

Yaani hili ndio watu hawaulizi. Wanauliza ashram gani nzuri, yaani makao ya waumini, guru yupi, wakati kitu kitakachopanga maisha yako kule ni muhuri wa kwenye paspoti. Wengi wa Afrika Mashariki wanaingia India kwa viza ya utalii ya kuombea mtandaoni, hata ukipewa ya mwaka mzima huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 mfululizo, lazima utoke. Na hiyo viza haikuruhusu kufanya kazi yoyote, hata kufundisha watoto Kiingereza jioni upate hela ya kodi. Iko viza ya kimishonari kwa watu wanaodhaminiwa na taasisi ya dini, ila haiombwi na mtu aliyeamka tu na hamu yake, taasisi yenyewe ndio ikuandikie barua, na taasisi haikuandikii kabla haijakujua. Ukipata viza ya zaidi ya siku 180 utatakiwa kujiandikisha ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu ufike. Na popote utakapolala, iwe ashram au chumba cha kupanga, mwenye nyumba anatakiwa apeleke taarifa zako serikalini ndani ya masaa 24, watu wanaijua kama Fomu C, kwa hiyo akikwambia "usijali, hapa hatuandiki" beba begi lako utafute kwingine, siku ya msako atakayeulizwa ni wewe. Masharti yanabadilika, angalia ubalozini kabla hujakata tiketi.

Kununua nyumba sahau. Raman Reti, ule mtaa wenye hekalu kubwa la ISKCON, ndio hao Hare Krishna wenyewe, utaona majengo ya ghorofa yanauzwa kwa waumini na dalali atakupigia simu mpaka usiku, lakini mgeni mwenye viza ya utalii haruhusiwi kumiliki ardhi wala nyumba India, na ile ya "tuandike kwa jina la ndugu yetu hapa" ndio watu wanalia nayo. Utapanga, mikataba mingi huwa ya miezi 11. Sasa unaona kwa nini ploti ibaki, utahitaji pa kurudi kila viza ikiisha, na ukiumwa vilevile.

Kwa wasomaji wasioijua, Vrindavan ni mji mdogo kando ya mto Yamuna, wilaya ya Mathura, jimbo la Uttar Pradesh, kama kilomita 150 hivi kusini mwa Delhi. Wahindu wanaamini hapo ndipo Krishna alipochunga ng'ombe na kupiga filimbi utotoni. Karne ya 16 Chaitanya, mtakatifu wa Bengal, alifika akitafuta sehemu hizo, baadae wafuasi wake akina Rupa na Sanatana Goswami wakakaa hapo wakaandika na kusimamisha ibada. Hekalu la Govind Dev la mawe mekundu lilijengwa 1590. Prabhupada aliyeanzisha ISKCON aliishi mjini hapo kabla ya kupanda meli kwenda Marekani 1965, hekalu lake la Krishna Balaram likafunguliwa 1975, na alifariki hapohapo Novemba 1977, kaburi lake liko getini. Tangu 2017 serikali ya jimbo ilitangaza mji huo kuwa sehemu takatifu, nyama na pombe haviuzwi.

Sasa nikwambie kinachowashinda watu. Sio alfajiri, alfajiri ni tamu. Saa kumi na nusu uko kwenye mangala arati, ibada ya alfajiri, ngoma za mridanga zinalia, wamama wamejifunika shali, jasho na ubani, unatoka hapo unajiona umepaa. Jioni pia tamu. Kinachowashinda ni mchana. Miungu inapumzika, kuanzia kama saa sita mchana mahekalu mengi yanafunga milango mpaka saa kumi au kumi na moja jioni, maduka nayo yanashusha mageti, mji unalala. Fikiria ni mwezi wa tano, nje joto limepita digrii 40 na ule upepo wa moto wanaouita loo unapiga, umeme unakatika, wewe uko kwenye chumba chenye feni moja na huna kazi, huna mke, huna shughuli, Kihindi hujui. Masaa matano kila siku. Hapo ndipo mtu anashika simu, anaanza kufuatilia umbea wa ashram, nani kagombana na guru gani, na mwaka ukiisha amekuwa mtaalamu wa siasa za hekalu na japa anaimba huku anasinzia.

Kwa hiyo swali langu kwako ni dogo tu, mchana utafanya nini? Wewe ni mhasibu, mwanangu, hekalu lolote linalolisha mamia ya watu kila siku lina mahesabu yanayohitaji mtu mwaminifu, ila tena hakikisha viza yako inaruhusu kabla hujashika daftari. Au nenda ukasome, pale Krishna Balaram kuna taasisi ya VIHE inatoa kozi za maandiko. Au jikoni, kukata mboga. Ukishakuwa na jibu la mchana, safari yako imeshika njia. Kama jibu ni "nitasoma Bhagavatam, kitabu cha habari za Krishna, chumbani," jaribu kwanza likizo yako moja hapo Nairobi, simu uzime, saa sita mpaka saa kumi na moja, uone.

Alafu usiende Kartik. Najua kila mtu anakwambia nenda Kartik, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mataa ya mafuta, hali ya hewa safi, dunia nzima iko pale. Hiyo ni sherehe, vyumba vinapanda bei na kila mtu ana furaha, hutajua lolote kuhusu kuishi. Nenda mwezi wa kwanza kwenye ukungu na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, nyumba hazina hita, maji ya kuoga kama ya friji, alafu rudi tena mwezi wa sita. Ukiupenda mji katika miezi hiyo miwili, tuongee tena.

Kuhusu rangi, rafiki yako hajakosea kabisa. Machi 2017 wanafunzi wa Kiafrika walishambuliwa na kundi la watu pale Greater Noida, na barabara kuu ya kutoka huko kwenda Agra ndio hiyohiyo utakayopita kwenda Vrindavan. Ndani ya Vrindavan yenyewe wamezoea wageni, Warusi wamejaa, utakachokutana nacho sana ni kukodolewa macho, kuombwa selfi na mahujaji wa vijijini, wengine watakugusa miguu wakidhani wewe ni sadhu, mtawa wa Kihindu, kutoka mbali, na kuna mwenye nyumba atasema chumba kimejaa wakati kibao cha kupangisha kiko mlangoni. Kwenye baadhi ya mahekalu ya zamani mgeni haruhusiwi kuingia sehemu ya ndani kabisa, usigombane, unasimama uani. Prabhupada alipokuja Nairobi 1971 alitaka milango ifunguliwe kwa Waafrika wote, sio Wahindi peke yao, kwa hiyo wewe ni mwenye nyumba kwenye hii dini, ingia kwa adabu na kichwa juu. Barua ya utambulisho kutoka hekalu lenu itakusaidia kuliko chochote, iombe mapema.

Na mama. Usimuelezee falsafa, mpeleke hekaluni Jumapili ale prasadam, chakula kilichobarikiwa, akae na wamama wenzake, aone watu wana akili timamu na watoto wao wanasoma. Muahidi pesa ya kila mwezi na uitume. Mwambie pia ugali hautakosa, msimu wa baridi unga wa mahindi wa njano upo madukani, unaitwa makki ka atta, unasongeka vizuri tu.

SWALI: Dada, namaste na salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mjane wa miaka 61, nimezaliwa hapahapa Old Town, babu yangu alitoka Gujarat na jahazi. Watoto wako Leicester wananiita, mimi sitaki baridi ya Ulaya, nataka nikamalizie umri wangu Vrindavan. Ila nimesikia wajane wa huko wanaombaomba barabarani, naogopa. – Ba wa Mombasa

JIBU: Ba, shikamoo. Wewe viza isikuumize kichwa, kwa asili yako unaweza kuomba kadi ya OCI, ya raia wa nje wenye asili ya India, unaingia na kukaa maisha bila ya kujiandikisha kila mara, na hata fleti unaruhusiwa kununua, shamba tu ndio hapana. Kazi itakuwa kutafuta makaratasi ya babu, paspoti ya zamani au cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo fungua lile sanduku la chuma leo.

Ulichosikia ni kweli. Wajane wengi, hasa kutoka Bengal, walifikishwa pale au wakajifikia wenyewe baada ya familia kuwakataa, wanavaa nyeupe, wanaimba bhajan, nyimbo za ibada, masaa mengi kwenye bhajan ashram wapate mchele na rupia chache. Mambo yamesogea kidogo, tangu 2012 shirika la Sulabh International linawasaidia na siku hizi wajane wanacheza Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, kitu ambacho zamani mjane alikatazwa, na 2018 ilifunguliwa Krishna Kutir, makazi ya wajane 1,000. Tofauti yako na wao ni pesa na watoto wanaopokea simu. Basi hiyo tofauti ilinde: akaunti ya benki kwa jina lako peke yako, usimpe pujari, yaani kuhani wa hekalu, wala "mwanangu wa kiroho" yeyote nambari ya siri, na mtoto mmoja aje akuone kila mwaka, majirani wamuone kwa macho. Chagua nyumba ya chini, ngazi za kule ni kali na lifti umeme ukikatika ni pambo. Ukienda darshan, yaani kumtazama Krishna, kwenye hekalu la Banke Bihari usiende wikendi wala siku za sikukuu, watu wa Delhi wanamwagika pale, msukumano ni mkubwa mno kwa magoti ya umri wako. Nenda Jumanne asubuhi, simama pembeni, utaona pazia linafungwa na kufunguliwa kila baada ya muda mfupi, wanasema ukimkazia macho bila kukatizwa Bihariji, Krishna wa hekalu hilo, atakufuata nyumbani.

SWALI: Eti nyani wa huko wanaiba miwani? – Msomaji, Dar

JIBU: Wanaiba, alafu wanakaa juu ya ukuta wanasubiri uwatupie boksi la juisi ndio waachie. Miwani weka mfukoni ukishuka kwenye tuktuk, simu usiishike mkononi, na usicheke ukionesha meno. Akikuparua au kukung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na ukachomwe sindano ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, usingoje kesho.