Kijana akisema "niko sawa" juani

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, sisi huku hatujambo. Umeniuliza kuhusu yule kijana mpya wa genge lako la barabara, aliyelegea mchana mkiwa mnamwaga lami, akakaa chini, ukamwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa, akainuka akaendelea na kazi. Unataka kujua utamtambuaje aliyechoka tu na ambaye joto limeshaanza kumdhuru.

Naanzia kwenye hilo "niko sawa", maana ndiko hatari iliko. Joto likizidi mwilini huvuruga ubongo, na ubongo huo huo ndio ungemwambia mtu kwamba mambo yameharibika. Muda wote niliokuwa muuguzi kwenye zahanati ya kiwanda, wagonjwa wabaya wa joto waliletwa na wenzao, na njiani walikuwa wakibisha kwamba hawaumwi. Tena kibarua aliyeanza kazi juzi anaogopa kupoteza siku yake. Unategemea akujibu nini?

Mwulize jambo linalomlazimu kufikiri: leo siku gani, toroli ameliacha wapi, amekuja kazini na nani. Kisha mwangalie anavyotembea. Akijibu ovyo, akifoka bila sababu, akiyumba kama mlevi, akiweweseka au akizimia, huo si uchovu tena. Mhesabu kuwa ana kiharusi cha joto mpaka daktari aseme vingine. Joto la mwili, ambalo kawaida ni nyuzi 37 hivi, kwa mtu huyo huwa limefika 40 au limepita, na kadiri linavyobaki juu ndivyo ubongo, ini na figo zinavyoumia.

Wala jasho lisikudanganye. Watu wengi wanaamini kwamba mwenye kiharusi cha joto ngozi yake lazima iwe kavu. Kwa mzee aliyejifungia ndani siku za joto kali mara nyingi ni kweli, lakini mtu wa kazi ya nguvu anaweza kuanguka huku amelowa jasho chapachapa.

Kuna hali iliyo chini ya hiyo, na kwa maelezo yako nadhani ndiyo iliyompata kijana wako: jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, pengine misuli kubana, ila akili bado ni timamu. Huyo mtoe juani, mvue kofia ngumu, buti na ile fulana ya kuakisi mwanga, mlowanishe, mpe maji anywe taratibu, na mtu akae naye. Nusu saa ikipita hajapata nafuu, apelekwe hospitali. Akipata nafuu, siku hiyo kazi kwake imekwisha. Kosa lililofanyika ni kumwacha ainuke na kuendelea, kwa sababu hali hiyo isipokatizwa huweza kugeuka kiharusi cha joto.

Kwa aliyevurugikiwa akili, mmoja apige simu ya dharura na wengine waanze kumpoza papo hapo. Msikimbilie kutafuta gari huku amelala juani. Kinachopoza haraka kuliko vyote ni kumtumbukiza kwenye maji baridi hadi shingoni, kichwa chake kikiwa kimeshikwa. Pipa kubwa lililokatwa linatosha. Hata turubai linafaa: mlazeni katikati, watu wainue kingo zake, mwingine amimine maji na barafu. Pasipokuwa na hayo, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo na kumpepea kwa nguvu, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asipokuwa na fahamu kamili msimnyweshe chochote, atapaliwa. Wala msimpe paracetamol au aspirini. Kwenye homa mwili wenyewe ndio umepandisha joto lake, na dawa huushawishi ulishushe. Hapa mwili umeshindwa kulitoa joto, dawa haina cha kuushawishi, na ini lililokwisha kuumia unaliongezea mzigo.

Neno ulilolipita haraka kwenye barua yako ni "mpya", na mimi ndilo lililonishtua. OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Katika siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, kubana chumvi isipotee, na moyo hupunguza mbio. Ujana na misuli havichukui nafasi ya siku hizo. Mgeni siku ya kwanza mpe kazi ya joto kwa asilimia 20 tu ya muda wa kawaida, kisha uongeze 20 kila siku. Fundi mzoefu aliyetoka likizo naye usimrudishe kwa kishindo: anzia nusu, maana mazoea hayo hupotea akikaa mbali na joto wiki moja au zaidi. Najua mkandarasi atanung'unika. Mwache anung'unike.

Kuhusu maji, kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, na isizidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno huzimua chumvi ya damu na hilo nalo huua. Vidonge vya chumvi achana navyo, mlo wa kawaida unatosha. Halafu hakikisha choo kiko karibu. Nimeona wanawake wakikataa kunywa maji kutwa nzima kwa sababu tu hawakuwa na pa kujisaidia, na hakuna msimamizi aliyewahi kufikiria hilo.

Kipimajoto kilichoko kivulini nacho kisikupe moyo. Lami mnayoimwaga ina nyuzi 150 hivi, na watu wako wamesimama juu yake. Siku za fukuto ni mbaya zaidi, kwani jasho hupoza linapokauka, siyo linapodondoka. Siku hizo sogeza kazi nzito alfajiri na uongeze mapumziko ya kivulini. Wapange wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake.

Sasa huyo kijana. Mwulize faraghani kama anatumia dawa yoyote, kwa mfano ya shinikizo la damu, ya mzio au ya akili, kwani baadhi huzuia jasho au hupunguza maji mwilini. Asiache dawa, amwone daktari aliyemwandikia. Mwulize pia rangi ya mkojo wake. Ukiwa wa njano iliyoiva, maji hayamtoshi. Ukiwa kama chai iliyokolea, misuli yake inavunjika na figo ziko hatarini, mpeleke hospitali leo hii, hata akikuambia yuko sawa.

Mama yako