Presha na vidonge vyake: maswali kutoka Lamu

Enalapril imeshusha presha yangu lakini nakohoa kikohozi kikavu usiku kucha. Shoga yangu anatumia losartan wala hakohoi. Nimeze zake? – Mama, Langoni

Za shoga yako usimeze, dada, lakini una haki ya kubadilishiwa. Mwilini mna kichocheo kiitwacho anjiotensini 2. Hushika protini iliyo juu ya seli za msuli wa mshipa, yaani kipokezi. Kipokezi huamsha protini za ndani, kalisiamu humwagika, msuli hukaza, mshipa hubana na presha hupanda. Enalapril huzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini 2. Kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana na kuwasha njia ya hewa. Losartan haikigusi, huziba kipokezi tu, ndiyo maana mwenzio analala. Rudi kliniki ukaeleze hivyo. Midomo au ulimi ukivimba, acha enalapril na ukimbilie hospitali, usingoje kuche. Ukiwa na mimba au unaitafuta, sema mapema: dawa zote mbili humdhuru mtoto tumboni.

Tangu nianze amlodipine nimevimba vifundo vya miguu. Ni figo? – Nahodha, Matondoni

Mara nyingi ni dawa yenyewe. Huziba milango ya kalisiamu, na mishipa inayoleta damu hulegea kuliko inayoirudisha, hivyo maji huvujia miguuni. Hata hivyo pima figo, na usiiache kabla ya kumwona daktari.

Je, mwili una njia yake ya kulegeza mishipa? – Mwanafunzi, Shela

Unayo, na hapa ndipo ninapoipenda sayansi hii. Mwaka 1980 mwanasayansi Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikiwekewa asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, lakini utando wake wa ndani ukikwanguliwa, hakilegei tena. Utando huo hutoa gesi, naitriki oksaidi, inayopenya msulini na kuamsha protini za kupunguza kalisiamu. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Iko pia protini RGS2, inayozima ujumbe wa kubana; panya wasio nayo hupata presha. Kutembea kwa kasi huuchochea utando utoe gesi hiyo, sigara huudhoofisha.

Mchuzi wa papa niuache kabisa? – Bibi, Mkomani

La, bibi, adui ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na papa mkavu huja na yake. Mloweke, mwaga maji, rudia, kisha usitie chumvi nyingine chunguni.