Picha safi, sauti inarukaruka: tununue kamera mpya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea filamu, niko mwaka wa pili. Tumerekodi mazungumzo ya mama na binti yake jikoni, katika nyumba tuliyoazima. Picha zinapendeza, lakini nikikata kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kuna mvumo kwa nyuma ambao mara upo, mara haupo. Halafu kuna mistari ya kiza inayopanda ukutani kwenye shoti zote. Mwenzangu anasema tuchange tununue kamera bora. Ni kweli ndiyo dawa?

JIBU: Marahaba. Hapana, msinunue kamera. Matatizo yote mawili yametoka jikoni humo humo, na kamera ya bei yoyote ingeyarekodi vilevile.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Huo mvumo, kwa maelezo yako, ni friji. Friji haiungurumi muda wote: kompresa inawaka, ubaridi ukitosha inajizima, joto likipanda inawaka tena. Mlipomrekodi mama ilikuwa inaunguruma. Mlipomaliza kugeuza kamera na kupanga taa upya kwa ajili ya binti, ilikuwa imenyamaza. Pale jikoni hamkuhisi tofauti, kwa sababu sikio huzoea haraka mlio usiobadilika. Mkato ndio unaoufichua.

Kwa hiyo mkifika mahali, kabla hata ya kukunjua stendi ya kamera, nyamazeni wote. Mmoja awashe maiki, avae hedifoni, asikilize: friji, feni, pampu ya maji, saa ya ukutani. Kinachozimika kizimwe, kwa idhini ya mwenye nyumba. Kwa friji kuna desturi ya mafundi sauti ninayoipenda sana: anayeizima anaweka funguo zake za gari au za nyumbani humo ndani. Hawezi kuondoka bila kuifungua, na akiifungua anaona taa haiwaki, anakumbuka kuirudishia umeme. Chakula cha watu hakiharibiki, na wanafunzi watakaokuja baada yenu watapokelewa vizuri.

Kisichozimika, kama barabara, msishindane nacho kwa kupandisha sauti kwenye mashine. Sogezeni maiki. Umbali kati yake na mdomo ukipungua nusu, sauti ya mwigizaji hupanda kwa takriban desibeli 6, na barabara inabaki ilivyo. Kabla ya kufungasha, rekodini ukimya wa chumba kwa sekunde 30 hadi dakika nzima, watu wakiwa palepale walipokuwa, maana miili na nguo pia hunyonya sauti.

Kazi yenu bado inaokoleka. Kuuondoa muungurumo kwenye shoti za mama ni kugumu na huharibu maneno yake. Kuuongeza chini ya shoti za binti ni rahisi. Tafuteni kwenye shoti za mama zile sekunde ambazo hakuna anayesema, hasa kabla ya neno la kwanza, ziunganisheni, mzitandaze chini ya maneno ya binti. Mtazamaji atasikia jiko moja.

Mistari ni ya taa. Umeme wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, ambayo nadhani ndiyo mliyotumia, hailingani na mapigo hayo. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Penye umeme wa 60 Hz, wekeni 1/60. Baadhi ya taa za LED hupepesa kwa mapigo yake zenyewe, hivyo rekodini ukuta mtupu kwanza, mkague. Programu ya kuhariri inaweza kuififisha mistari mliyonayo sasa, lakini inayopita usoni kwa mtu mimi ningeirekodi upya.

Mkirudi huko, mpeni mtu mmoja kazi ya sauti peke yake, na mkubaliane kabla ya kuanza kwamba akisema "turudie," mnarudia, hata kama mwongozaji ameshaipenda shoti.