Bangili ya nefriti: angalia ufa kwanza, rangi baadaye

Bangili yangu ya kwanza ya jedi niliinunua Guangzhou, kwenye vichochoro vya soko la mawe la Hualin, wilaya ya Liwan. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kufunga mzigo wa mapazia na nimebakiwa na nusu siku kabla ya safari. Ilikuwa ya kijani cha tango, inang'aa, haina doa hata moja. Mwenye kibanda akanionyesha 800 kwenye kikokotoo, nikamwandikia 200, tukakutana yuan 260 na nikaondoka nikijiona mjanja. Miaka miwili niliivaa Dar es Salaam nikiwaambia watu hii ni nefriti, mpaka siku nilipoipima kwa mzani wa unga.

Kipimo chenyewe nitakieleza, maana hakina gharama. Lakini lazima tuanze na jina, kwa sababu mimi niliponzwa na jina. Jedi si jiwe moja. Mwaka 1863 mtaalamu wa madini wa Kifaransa, Alexis Damour, alionyesha kwamba watu walikuwa wakiita mawe mawili tofauti kwa jina hilohilo. Moja ni jadeiti, ile ya kijani kikali inayotoka hasa Myanmar. La pili ni nefriti, ambalo Wachina walikuwa wakilichonga maelfu ya miaka kabla jadeiti ya Myanmar haijaanza kumiminika kwao karne ya 18. Wao wenyewe husema tu *yu*, na neno hilo ni pana kama gunia. Hata serpentini ya Xiuyan, jiwe zuri lakini laini, nayo ni *yu*. Yule muuzaji aliniambia *yu*, basi. Sina cha kumshtaki. Nefriti niliisikia mwenyewe.

Ukiitazama nefriti kwa hadubini utakuta nyuzi nyembamba mno zilizosukana kama ukili, isipokuwa msusi wake hakufuata mpango wowote: uzi huu unaingia huku, ule unatokea kule. Nguvu ya jiwe iko hapo. Chukua tanzanaiti yetu ya Mirerani. Kwa ugumu wa kukwaruzika, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, nefriti 6 hadi 6.5, yaani ni ndugu. Lakini tanzanaiti ukiigonga vibaya inapasuka kwa mstari kama kuni kavu, ndiyo maana hakuna mwenye akili anayechonga bangili nzima ya tanzanaiti. Nefriti hustahimili. Wamaori wa New Zealand, ambao huiita pounamu, waliitengenezea vichwa vya tezo na marungu ya vita.

Sasa fikiria bangili inavyopatikana. Fundi anakata jiwe kuwa ubao, kisha anatoboa kwa bomba la kukatia, anatoa pete nzima kutoka kipande kimoja. Kile kisahani kinachobaki katikati huishia kuwa kidani. Kama ubao una ufa mahali popote kwenye ile pete, hakuna bangili hapo, kuna vidani tu. Kwa hiyo unapolipia bangili unalipia uzima wa jiwe kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo sababu mimi siku hizi rangi naitazama mwisho. Wanawake wengi hufanya kinyume, nikiwamo mimi wa zamani.

Uzima unaangaliwa kwa tochi ya simu. Weka tochi upande wa ndani, zungusha bangili polepole duara zima, usiwe na haraka hata muuzaji akianza kuguna. Utaona mawingu, mistari, vidoa. Mistari mingi haina shida: ni mishipa ya tangu jiwe lilipoumbwa, ikafunga yenyewe. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza bila kukwama, ndani na nje, huo ni mshipa. Ukikwama, huo ni ufa, irudishe. Tazama pia mstari unaelekea wapi: unaofuata mzunguko wa bangili ni afadhali kuliko unaoikata kwa upana, maana ule wa upana ndiko itakakoachia siku ukigonga mkono kwenye beseni la kunawia. Mstari wa upana mimi sinunui hata kwa nusu bei.

Kuna wanaokuning'inizia bangili kwa uzi na kuigonga ili usikie inavyolia. Inapendeza kusikiliza, na iliyopasuka kweli hulia kama chungu kilichopata ufa. Lakini kioo nacho kinalia vizuri sana. Usitoe pesa kwa sababu ya mlio.

Haya, mzani. Unahitaji mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu (0.1), bilauri pana au bakuli, na uzi mwembamba. Pima bangili ikiwa kavu, andika. Weka bakuli la maji juu ya mzani, bonyeza kitufe usome sifuri. Kisha ning'iniza bangili kwa uzi izame yote majini bila kugusa kitako wala ukingo. Mzani utasoma namba fulani. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo. Nefriti inakupa kati ya 2.9 na 3.03 hivi, nyingi zikiangukia 2.95. Jadeiti ni nzito zaidi, 3.3 na kitu. Kwatzi, ambayo hutiwa rangi ya kijani na kuuzwa kama jedi, ni 2.65. Bangili yangu ya tango ilikuwa gramu 47.6, majini ikasoma 18.5. Piga hesabu mwenyewe: 2.57, na hiyo ni serpentini. Nilirudia mara tatu, nikabadilisha na uzi. Ile ninayoivaa sasa ni 56.2 kwa 19.0, na nilipoona 2.96 nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Bila shaka sokoni huwezi kubeba bakuli la maji, ingawa mzani mdogo unaingia kwenye mkoba na wapo wauzaji wanaokuruhusu. Huko macho na mkono ndiyo kazi yake. Nefriti nzuri haing'ai kama kioo; ina mng'ao wa mafuta, kama kitu kilichopakwa samli kikafutwa. Ina ubaridi unaokaa, na ukiipima kiganjani unasikia uzito kuliko ulivyotarajia. Viputo vya hewa ndani ni kioo, hakuna mjadala. Na rangi ikiwa imejikusanya ndani ya vijiufa kama wino kwenye karatasi iliyolowa, jiwe limetiwa rangi.

Rangi zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nyeupe ndiyo ghali, na ile ya juu kabisa Wachina huiita mafuta ya kondoo, jina ambalo yeyote aliyewahi kuacha supu ya kondoo ikapoa atalielewa papo hapo. Kuna ya kijivu-kijani, ambayo kwangu mimi ndiyo nafuu iliyojificha: imefumwa vizuri, haina jina kubwa, bei yake inazungumzika. Kuna nyeusi, iliyopata weusi wake kwa grafiti. Kuna ya kahawia wanayoiita ya sukari, ambayo ni kutu ya chuma iliyopenya jiweni. Na kuna kijani cha mchicha, nyingi ikitoka Siberia na British Columbia kule Kanada, mara nyingi ikiwa na vidoa vyeusi. Wengi huvikimbia vidoa hivyo. Mimi huvipenda, tena vimeniokoa, kwa sababu kijani kisicho na doa hata moja kwa bei ya chee ndicho kilichonitia kwenye serpentini.

Kuhusu asili, utasikia kila kibanda kikiapa kwamba jiwe lake ni la Hetian, Xinjiang, ambako mto Yurungkash unajulikana kwa nefriti nyeupe. Hata cheti kitaandika Hetian. Jua hili: kwa viwango vya China, "jedi ya Hetian" kwenye cheti ni jina la aina ya jiwe, siyo la mahali. Nefriti ya Urusi au ya mkoa wa Qinghai inapata cheti chenye maneno yaleyale, na maabara haijadanganya. Cheti kinakuhakikishia kwamba ni nefriti. Habari za mto zinabaki kuwa za mdomo wa muuzaji. Usilipie mto. Na mkiona jiwe la mviringo lenye ganda la kahawia likiuzwa kama la mtoni, shukuni: ganda hilo hupakwa sana.

Kosa langu la pili lilikuwa la saizi. Niliingiza ya milimita 54 kwa sabuni na nguvu za dada mmoja wa dukani, ikapita, halafu ikakataa kutoka kwa siku nne. Jiwe halipanuki kama kekee ya fedha, wala halilegei kama plastiki. Chukua bangili ya dhahabu unayoivaa kwa kuisukuma kidogo, ile ya duara kamili, pima kipenyo cha ndani kwa rula, ongeza milimita moja au mbili kwa sababu bangili ya jiwe ni nene. Hiyo ya dhahabu ijaribu mkononi jioni, mikono ikiwa imevimba kidogo kwa joto. Bangili zenye umbo la yai, zinazokumbatia mkono, zinahitaji kujaribiwa, rula haikusaidii sana. Kama una mimba, subiri. Na kama unataka ya kutoivua usiku na mchana, kumbuka siku ya upasuaji hospitali watataka itoke, kwa hiari au kwa msumeno.

Wapo pia wanaoiuza kama dawa ya figo. Jina nefriti kweli linatokana na neno la Kigiriki la figo, kwa sababu Wahispania wa karne ya 16 walisikia huko Amerika kwamba jiwe la namna hiyo linatuliza maumivu ya kiuno. Kichekesho ni kwamba jiwe la wenyeji wale wa Amerika lilikuwa jadeiti. Figo zikikusumbua nenda hospitali.

Swali ninaloulizwa zaidi na shoga zangu ni kama bangili hizi ni akiba, kama zile sita za dhahabu alizoacha bibi. Hapana. Dhahabu ukipeleka kwa sonara anaitia mzanini na bei ya leo inajulikana. Nefriti haina bei ya gramu inayotambulika kila mahali, na Dar es Salaam ukikwama na ada ya shule hutapata wa kuinunua hata kwa robo. Nunua kwa pesa ambayo hutaililia. Mimi nimejiwekea sheria ya moja kila safari mbili, na sasa ninazo tano, kila moja kwenye mfuko wake wa kitambaa, maana zikigusana zinachubuana.

Nne ni nefriti. Ya tano ni ile ya tango. Binti yangu ameishaidai, na nimempa pamoja na karatasi yenye ile hesabu ya 47.6 kwa 18.5.