Usilipie Monita Kabla Hujauliza Waya Wake Unauzwa Wapi

Wiki iliyopita mkunga mmoja wa Ukerewe kaniandikia. Zahanati yao imepata fedha kidogo, wanataka monita ya kubebeka, mashine ya kumpima mgonjwa presha, mapigo, oksijeni na joto. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, ninunue ipi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili tu, nikajikuta nimeandika yote haya, maana jambo hili lina kidonda chake kwangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa muuguzi kwenye kituo binafsi hapa Mwanza. Jina naliacha. Mwenye kituo alikuja na karatasi ya bei: monita kubwa, kioo kinang'aa, vipimo lukuki, mpaka kile cha presha kinachopimwa kwa mrija ndani ya mshipa. Kituo chenyewe hakina ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hakina hata mtaalamu wa usingizi. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: tuchukue ndogo, yenye betri ya uhakika na waya zinazopatikana mjini. Barua ikasomwa kikaoni kwa sauti ya kejeli. "Nesi wetu siku hizi ni injinia." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mashine ikaja, na kusema kweli ilipendeza. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanaipiga picha. Halafu waya wa kidole, ule wa oksijeni, ukakatika pale shingoni unapochomekwa. Tundu lake lilikuwa la kampuni hiyo peke yake. Tumezunguka maduka ya vifaa tiba, tumepiga simu Dar es Salaam, hakuna. Tukarudi kwenye oksimita ndogo ya kidoleni, na monita ya mamilioni ikafunikwa kitenge isiingie vumbi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Ulisema." Mwaka huu ndipo wamenipigia, wakiuliza hiyo ya kituo chetu cha sasa, huku Sengerema, tuliipata wapi. Nikawaelekeza kwa adabu zote. Siku ile nililala usingizi mzuri sana.

Kwa hiyo dada yangu, waya kwanza. Probu za oksijeni, yaani hizo waya za kidoleni, zina mifumo tofauti. Ya mfumo wa kampuni ya Nellcor haifanyi kazi kwenye mashine ya kampuni ya Masimo hata kama plagi inakaribia kufanana kwa macho. Muulize muuzaji bei ya probu ya akiba na ya mtoto mchanga, na akuonyeshe anazo dukani. Akisema "tutaagiza", ujue umeshajibiwa. Sisi huku, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi anatoka Mwanza na kurudi siku hiyo hiyo. Wewe bado unasubiri meli. Nunua akiba pamoja na mashine.

Kafu nayo, ile inayofungwa mkononi kupima presha, watu wanaidharau. Mfuko wa hewa uliomo ndani unatakiwa kuzunguka kama asilimia 80 ya mkono wa juu. Kafu ya kawaida ya mtu mzima inatosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34. Mama mnene mwenye mkono wa sentimita 38 ukimfunga hiyo, presha itasoma juu kuliko ilivyo, na utamwanzishia dawa asizohitaji. Mashine nyingi zinakuja na kafu moja. Dai kubwa na ya watoto kabla hujatoa pesa.

Tena kwa wajawazito, sikiliza. Monita haisikii sauti kama sisi tunavyosikia kwa stetoskopu. Inahisi mtikisiko wa hewa ndani ya kafu, kisha inakadiria namba ya juu na ya chini kwa hesabu ya mtengenezaji. Mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea anaweza kusomeka chini ya hali yake halisi. Uliza kama mashine imehakikiwa kwa wajawazito, uone karatasi. Ipo ndogo inaitwa CRADLE VSA, imetengenezwa kwa ajili ya vituo kama vyetu: inachajiwa kwa waya wa USB, inapima presha na mapigo, na inawasha taa ya kijani, njano au nyekundu. Oksijeni haina. Kwa leba ya zahanati, mimi ningeanza na hiyo.

Kuhusu oksijeni, huku Kanda ya Ziwa malaria na selimundu vinatuletea watoto waliokwisha damu. Mtoto viganja vyeupe kama karatasi, mashine inasema 98. Haijadanganya: inapima ni sehemu gani ya hemoglobini imebeba oksijeni, haipimi hemoglobini yenyewe imebaki kiasi gani. Na utafiti wa Marekani uliotoka Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi oksimita zilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Tazama mawimbi ya mapigo kwenye kioo kabla ya kuiamini namba. Futa rangi ya kucha. Piko haifutiki, hamia sikioni kama una probu yake.

Dukani usione haya. Chomoa plagi, iache mashine ifanye kazi kwa betri, ipime presha tena na tena huku mnapiga soga. Hesabu mapigo yako mwenyewe kwa dakika nzima, linganisha. Uliza usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Muuzaji atanuna. Mwache anune, sisi watu wa afya tuna tabia ya kuogopa wauzaji wenye tai na kuwakemea wakunga wetu, ndiyo maana stoo zimejaa vyuma.

Na wenye vituo mnaosoma hapa, anayeishika mashine saa tisa usiku awepo siku ya kununua. Yeye ndiye atakayeuliza jinsi ya kubadilisha mipaka ya kengele, zile namba ambazo zikivukwa mashine inalia. Mapigo 140 kwa kichanga ni ya kawaida. Mashine iliyoachwa kwenye mipaka ya mtu mzima italia usiku kucha hadi nesi aizime sauti, na asubuhi zamu inayofuata haitajua kama imezimwa.